Kijana Aliyeswali Kitini: Maradhi ya Damu Kutoganda na Wepesi wa Dini Yetu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita mdogo wangu alikuja kunitembelea hapa Mbale siku ya Ijumaa. Ana miaka 17. Nilimwonyesha mlango wa wanaume, mimi nikaenda upande wa dada zetu. Baada ya swala nilimkuta ameketi peke yake kwenye ngazi, viatu mkononi. Alikuwa amechukua kiti kimoja kati ya vile vinavyowekwa nyuma karibu na nguzo, na kabla ya iqama kaka mmoja akamgusa bega na kumwambia kwamba viti ni vya wazee na wagonjwa, kijana mwenye nguvu zake asimame mbele ya Mola wake. Mdogo wangu hakujibu. Alisimama. Rakaa mbili zile, pamoja na kushuka na kuinuka katika sijda nne, zilimlaza kitandani siku kumi, kwa sababu goti lake la kushoto lilianza kuvuja damu kwa ndani jioni ile ile.

Siandiki kumshitaki kaka yule. Simjui, na naamini alitaka kheri. Naandika kwa sababu mimi mwenyewe, dada yake wa tumbo moja na mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu wa mwaka wa tatu, niliishi miaka mingi nikiwa sijui lolote kuhusu maradhi haya, hata yalipokuwa ndani ya mwili wangu. Mdogo wangu ameniruhusu kueleza habari zake, ila jina lake nisilitaje.

Damu ya mtu mwenye afya ina kazi mbili zinazopingana. Inatakiwa itiririke ndani ya mshipa bila kukwama, na inatakiwa igande mara mshipa unapokatika. Kuganda huko hufanywa na chembe sahani za damu pamoja na protini kadhaa zinazopokezana kazi, moja inaiamsha nyingine. Wafikirie watu waliojipanga mstari wakipitishiana matofali siku ya kujenga msikiti. Akikosekana mmoja katikati, matofali hayafiki ukutani hata kama wengine wote wapo. Mwenye hemofilia A anakosa protini ambayo madaktari huiita fakta namba 8, au anayo kidogo mno. Mwenye hemofilia B anakosa namba 9. Hatoki damu kwa kasi kuliko mimi na wewe. Anatoka kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi pale pasipoonekana: ndani ya goti, kiwiko, kifundo cha mguu, ndani ya msuli wa paja. Kiungo kinajaa, kinapata moto, hakikunjiki. Kikivuja mara nyingi kinaharibika, na kijana wa miaka 17 anakuwa na goti la mzee wa miaka 70. Ndiyo maana kiti.

Hemofilia A inakadiriwa kumpata mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa. Humfika mtoto kupitia kwa mama, kwa kuwa kasoro iko kwenye kromosomu ya X. Mama anayeibeba, kila mimba ya mtoto wa kiume ina nusu kwa nusu ya kupata maradhi, na kila mimba ya mtoto wa kike ina nusu kwa nusu ya kuibeba. Baba mwenye hemofilia hampi mwanawe wa kiume, bali mabinti zake wote wataibeba. Hata hivyo karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambayo haijawahi kusikia habari hii kabisa, kwa hiyo asijiaminishe mtu kwamba "kwetu haipo".

Sasa niwaeleze yaliyotokea kwetu. Mdogo wangu alitahiriwa siku ya saba, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, katika kliniki ndogo ambayo siitaji. Damu haikukatika. Walimfunga, wakamfunga tena, wakamshona. Usiku wa pili nepi zilikuwa zinabadilishwa kama za maji. Siku ya tatu alipelekwa hospitali kubwa akiwa mweupe midomo, akaongezwa damu, na Mwenyezi Mungu akamwacha kwetu. Lakini hakuna aliyesema kwamba huu ni ugonjwa wenye jina. Jirani mmoja alisema ni kijicho. Shangazi, Allah amsamehe, alisema nyumba ya mama ina kitu. Na kweli nyumba ya mama ilikuwa na kitu: kaka yake mama alifariki akiwa mdogo, siku chache baada ya kutahiriwa, na msiba ule ukafunikwa kwa maneno ya husuda mpaka bibi akaacha kuuzungumza. Mdogo wangu alipofika miaka minne akajiuma ulimi kwa kuanguka, akavuja siku tano, ndipo daktari mmoja aliyekuwa na subira akamuuliza mama swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: kuna mwanamume yeyote kwenu aliyewahi kutokwa damu namna hii? Mama akamtaja kaka yake. Tukaandikiwa kwenda Mulago, Kampala, na huko jina likapatikana.

Swali moja tu. Lingeulizwa siku ya saba, lisingehitaji kungoja miaka minne.

Abu Daud amepokea kisa cha bwana mmoja katika zama za Mtume (S.A.W.) aliyepata jeraha la kichwa safarini, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa ukali ambao si wa kawaida yake. Aliwahesabu kuwa ndio waliomuua, akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, na akafundisha kwamba ujinga dawa yake ni kuuliza. Kisa hiki tunakisoma mwaka wa kwanza kwenye mlango wa tayamamu, tunakijibia mtihani, tunapita. Lakini tuwatazame wenzake wale. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wacha Mungu waliotoa hukumu kuhusu mwili wa mtu bila kuujua mwili wenyewe. Ningetamani kisa hiki kisomwe pia siku ya khitani.

Katika madhehebu yetu ya Shafii khitani ni wajibu, na wajibu huo sina neno nao. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza wazi katika Al-Majmuu kwamba mtu ambaye mwili wake ni dhaifu, ikahofiwa atadhurika akitahiriwa, hatahiriwi mpaka dhana iliyo kubwa iwe kwamba atasalimika. Wengine katika mafaqihi wamesema wajibu wenyewe unaanguka kwa mwenye kuhofiwa kufa. Na Qur'ani imetukataza katika Suratul-Baqara aya ya 195 kujitupa wenyewe katika maangamizi, na katika Suratul-Hajj aya ya 78 imetujulisha kwamba dini haikuwekewa uzito. Kwa mtoto mwenye hemofilia njia ipo: tohara ifanywe hospitalini, kwa daktari anayejua, baada ya kupewa fakta anayoikosa na kuendelea kuipewa mpaka kidonda kipone. Ikiwa fakta haipo, angoje. Kungoja huko si uasi.

Hapa Mbale jambo hili lina uzito wake. Wenzetu wa Bugisu, wasio Waislamu na baadhi ya Waislamu wao, hutahiri vijana wakiwa wakubwa katika imbalu, miaka ile inayogawanyika kwa mbili, kijana akiwa amesimama mbele ya watu bila ganzi. Kijana aliyetokwa damu nyingi alipong'olewa jino, au ambaye mjomba wake alifariki kwa damu, asinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwoga. Nanyi mnaosomea uganga na uuguzi, mnaofanya kazi za kujitolea wakati wa tohara za misikitini, liwekeni swali lile la daktari wetu kwenye daftari la kuandikisha watoto. Halina gharama. Ulizeni upande wa mama hasa.

Wala tusidhani maradhi haya ni habari za Wazungu. Daktari wa Kiislamu wa Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, ametaja katika kitabu chake Al-Tasrif habari za wanaume wa kijiji fulani ambao mmoja wao akipata jeraha hutokwa damu mpaka afe, na akamtaja mtoto aliyesuguliwa fizi tu, damu ikaendelea mpaka akafariki. Hayo aliyaandika miaka elfu moja iliyopita, na hakuishia kwenye kijicho.

Sasa nizungumze na dada zangu, na kaka wanaosoma wasiruke sehemu hii, kwani wana mama, dada na wake.

Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, na tangu mwanzo damu yangu ilikuwa nyingi. Ilikuwa inakuja siku tisa, siku kumi, baadaye ikafika siku 20 na zaidi. Nilikuwa nalala juu ya kanga mbili zilizokunjwa. Nilikuwa natoka darasani kinyumenyume. Nilipomuuliza mama aliniambia hata yeye ni hivyo, hata bibi alikuwa hivyo, ndio umbo letu. Niliacha swala siku zote hizo. Ramadhani moja nilifunga siku nane tu. Nilipofika chuoni nilikuwa napanda ngazi za bweni kwa kupumzika kila ghorofa, moyo unapiga kama ngoma, nami nadhani ni chakula cha mensa.

Siku moja tukiwa kwenye somo la fiqhi, mlango wa hedhi na istihadha, ustadhi alisoma hadithi ya Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.), iliyo kwa Bukhari na Muslim. Bibi huyu alimwendea Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba damu yake haikomi, je, aache swala? Mtume akamkataza kuacha. Akamfahamisha kwamba damu ile inatoka kwenye mshipa, haihesabiwi hedhi. Siku za hedhi yake ya kawaida zikifika aache swala, zikipita ajioshe, aswali. Nilikaa pale nikahesabu miaka yangu ya swala zilizopotea, machozi yananitoka chini ya mtandio.

Lakini kilichonishangaza zaidi nilikikuta nilipofuatilia majina. Ummu Habiba bint Jahsh (R.A.) alipata istihadha miaka saba. Bi Aisha (R.A.) anaeleza kwamba alikuwa akioga katika beseni chumbani kwa dada yake Zaynab, mpaka wekundu wa damu ukaja juu ya maji. Na Hamna bint Jahsh (R.A.), kwa Abu Daud na Tirmidhi, alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba damu yake ni nyingi na kali. Mtume akampa shauri la kutumia pamba. Akasema ni nyingi kuliko hivyo. Akampa shauri la nguo. Akasema ni nyingi kuliko hivyo. Ndipo akamwekea hesabu ya siku sita au saba za hedhi, na zilizobaki za mwezi aswali na afunge. Hawa Ummu Habiba na Hamna ni mtu na dada yake, watoto wa Umayma bint Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume. Sithubutu kumpima mtu wa karne ya kwanza na kumpa jina la maradhi. Najua tu kwamba niliposoma habari za nyumba moja yenye madada wawili wanaotokwa damu isiyokoma, nilimkumbuka mama na bibi.

Na tazama namna walivyouliza. Hamna anamweleza Mtume wa Allah, mbele ya haya yote tunayoyajua, kwamba pamba haitoshi. Mtume hakumnyamazisha. Alimuuliza, akamsikiliza, akampa njia. Sisi leo tunaona haya hata kumwambia muuguzi wa kike.

Hukumu yenyewe kwa ufupi, kwa madhehebu ya Shafii: hedhi iliyo chache ni usiku na mchana mmoja, ya kawaida ni siku sita au saba, na iliyo nyingi ni siku 15. Ikizidi 15 umeingia katika istihadha, na unarudishwa kwenye ada yako au kwenye tofauti ya rangi ya damu, kila mtu kwa hali yake, jambo ambalo linahitaji ukae na mwalimu. Kwa Hanafi iliyo nyingi ni siku 10. Mwenye istihadha anajisafisha, anajifunga vizuri, anatawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati kuingia, anaswali bila kuchelewa hata kama damu inadondoka. Anafunga. Anasoma Qur'ani. Msikiti haumfukuzi akiweza kuulinda usichafuke: Bukhari amepokea kwamba mmoja katika wake wa Mtume (S.A.W.) alikaa itikafu pamoja naye akiwa na istihadha, pengine chini yake kumewekwa chombo.

Nataka dada zangu washike jambo moja hapa, kwa kuwa lilinipoteza mimi. Siku 15 za mafaqihi ni mpaka wa swala. Si mpaka wa afya. Dada anayetokwa damu siku 12 kila mwezi, kwa Shafii yuko katika hedhi na haswali, na ustadhati atamjibu hivyo na jibu ni sahihi. Yeye akielewa kwamba ameambiwa hana ugonjwa, amekosea, kwa sababu hakuuliza kuhusu ugonjwa. Kwa madaktari, damu inayozidi siku saba, inayojaza pedi kila saa moja au mbili, inayotoka na mabonge makubwa kuliko sarafu, inayokuamsha usiku kubadilisha, au inayokuacha huna pumzi, ni ya kuchunguzwa. Ongeza hapo damu ya pua isiyokatika kwa dakika kumi, michubuko isiyo na sababu, kuvuja sana baada ya kung'olewa jino au baada ya kujifungua. Maswali ni mawili, na wa kuulizwa ni wawili.

Niliuliza. Nilipimwa, wakakuta damu imepungua sana mwilini na fakta namba 8 yangu iko chini. Kumbe mwanamke anayebeba hemofilia anaweza kuwa mgonjwa yeye mwenyewe. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza damu kumwagika wakati wa siku zangu. Sasa ni siku saba. Ngazi za bweni napanda zote.

Wengine wana maradhi yaitwayo von Willebrand, ambayo ndiyo mengi kuliko yote ya jamii hii, na huwapata wanawake kwa wanaume sawasawa. Yana jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeyaeleza mwaka 1926 kutokana na familia moja ya visiwa vya Åland. Binti mdogo aliyepelekwa kwake alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ninapoisikia habari hiyo nawakumbuka mabinti wa vijijini kwetu ambao tuliambiwa walirogwa.

Tukirudi upande wa swala kwa wote. Damu ya puani au ya kidonda, kwa Shafii haivunji udhu, kwa Hanafi ikitiririka inavunja, na isiyokatika ina hukumu ya mwenye udhuru. Sayyidna Umar (R.A.), kama alivyopokea Imamu Malik katika Muwatta, aliswali Alfajiri huku jeraha lake lililomuua likibubujika damu. Mwenye kidonda au kiungo kilichojaa asichoweza kukitia maji ana tayamamu. Na kuhusu kiti, ni Imran bin Husayn (R.A.) aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, akiwa anaumwa bawasiri. Akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Bukhari ameipokea. Hakuna sharti la mvi katika hadithi hiyo, wala ugonjwa kuwa unaonekana.

Kuhusu matibabu nitasema machache, kwa kuwa si fani yangu. Mwenye maradhi haya asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Asichomwe sindano za msuli bila daktari wake kujua. Kiungo kikianza kuwasha na kujaa, kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kitambaa, kifungwe kwa bendeji, kiinuliwe, na aende apewe fakta mapema, asingoje kivimbe. Akiumia kichwa, hata kama hatoki damu, ni dharura ya saa ile ile. Na nyinyi ndugu zangu mnaofanya hijama chuoni kila mwezi wa kiislamu ukifika tarehe 17, mtu huyu msimchanje. Hijama ni sunna, na Mtume (S.A.W.) vilevile amefundisha kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana. Muulizeni mtu kuhusu damu yake kabla ya kushika wembe.

Fakta ni ghali mno. Sehemu kubwa ya ile inayofika kwenye nchi zetu ni msaada, hasa kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel wa Kanada, mwenyewe mgonjwa wa hemofilia. Tarehe 17 Aprili, siku yake ya kuzaliwa, ndiyo siku ya hemofilia duniani. Huduma ziko Mulago hapa Uganda. Wenzetu wa Kenya wanazo Kenyatta na Eldoret, na wa Tanzania wanayo Muhimbili. Fakta nyingine hutengenezwa kutokana na damu za watu, na nimeulizwa kama ni halali. Wanazuoni wa zama hizi wameruhusu kuongezewa damu kwa dharura, na hii haizidi hiyo.

Limebaki la lawama. Mama yangu amebeba miaka 17 neno la shangazi. Aliamini amemdhuru mwanawe, na yuko radhi kuomba msamaha kwa kosa ambalo hajui alilitenda lini. Mimi nimejifunza aqida, najua kueleza qadhaa na qadari kwa dalili, lakini mbele ya mama dalili hazikunisaidia sana. Kilichomsaidia ni siku aliyokaa kwenye benchi la kliniki na akina mama wengine, wa dini zote, kila mmoja na mwanawe mwenye goti lililofungwa, na akaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayefanana na mtu aliyelaaniwa. Nabii Ayyub (A.S.) aliugua akiwa Nabii. Basi tusimpe mgonjwa dhambi ambayo Mola hakumwandikia.

Na la ndoa. Mwaka huu amekuja kijana kunitaka, mtu wa swala, anasoma ualimu. Baadhi ya rafiki zangu walinishauri ninyamaze mpaka baada ya nikahi. Nilimkumbuka Fatima bint Qays (R.A.), alipomshauri Mtume (S.A.W.) juu ya waliomposa, naye akamweleza bila kuficha kwamba mmoja ni fukara na mwingine mkali kwa wanawake. Mtume aliona mtu ana haki ya kujua anapoingia. Basi nilimweleza yote mbele ya kaka yangu mkubwa: mjomba, mdogo wangu, fakta yangu, nusu kwa nusu. Nilimweleza pia kwamba watoto wengi wenye hemofilia wakitibiwa vizuri wanakua, wanasoma, wanaoa. Alisikiliza. Aliuliza maswali mazuri, moja sikuwa na jibu lake nikaenda kumuuliza daktari. Kisha akasema atazungumza na mama yake. Mpaka naandika haya jibu halijarudi, nami naswali istikhara, na sijutii kusema.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana. Mdogo wangu anakuja tena mwezi ujao, in shaa Allah. Ameniuliza kwa simu kama vile viti bado viko nyuma, karibu na nguzo. Nimemwambia viko.